Maji hutokea nyuma: taa zangu za tahadhari ufukweni Bagamoyo

Mimi ni fundi simu hapa Bagamoyo. Kazi yangu ni kubadilisha vioo, kufufua simu zilizotumbukia kwenye ndoo na kubishana na wateja kuhusu betri. Mambo ya taa za baharini nimeingizwa na mpwa wangu, ambaye siku ya Idd el-Fitr aliletwa nyumbani kanzu mpya imemganda mwilini, kiatu kimoja kakishika mkononi, cha pili kimekwenda na maji. Alikuwa na miaka 9. Dada alipomaliza kulia akaanza kugomba, na mtoto akawa anarudia maneno yaleyale: "Mjomba, maji yalitokea nyuma."

Nilidhani anajitetea. Kumbe alikuwa kaisema bahari yetu kama ilivyo.

Wageni wakifika ufukweni kwetu hutazama mawimbi. Wakiona ni madogo, wanavua mashati. Lakini pwani ya Bagamoyo ina mteremko mdogo sana. Maji yakikupwa bahari inakwenda mbali, yanabaki mafungu ya mchanga, na mtu anayafikia miguu ikiwa mikavu, anacheza mpira, anapiga picha. Kati ya fungu na ufukwe kuna bonde, sisi tunaliita mlango. Maji yakianza kujaa hayaanzii kwenye vidole vyako wewe uliyesimama juu ya fungu. Yanapita mlangoni, yanajaza kule chini, nyuma ya mgongo wako. Unageuka umesimama pakavu, na kati yako na nyumbani kuna maji ya kifua, tena yanatembea.

Aliyemtoa mtoto ni nahodha mmoja mzee mwenye ngalawa. Kesho yake nilimpelekea sukari na majani ya chai, nikamkuta anashona nyavu.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mzee. Tunakushukuru sana."

Hakutaka shukrani ndefu. Akaniuliza: "Idd mnaipataje?"

"Kwa mwezi kuandama."

"Na bamvua?"

Nikanyamaza. Mimi mtoto wa pwani, nilikuwa sijawahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, maji yanakupwa sana na kujaa sana; hiyo ndiyo bamvua. Mwezi huohuo unaotuletea Idd ndio unaotuletea bamvua. Na Pasaka nayo hupangwa kwa mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu. Kwa hiyo sikukuu mbili zinazojaza watu ufukweni kuliko siku nyingine zote, moja ya Waislamu na moja ya Wakristo, zinakutana na maji makubwa: Idd karibu kila mara, Pasaka mara nyingi.

Saa nazo zimekaa vibaya. Siku za bamvua huku kwetu maji hukupwa mwisho kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 jioni. Watu wametoka kuswali, wamekunywa chai, saa 4 wanafika wanakuta fungu liko wazi kama uwanja. Mabaharia wana hesabu yao ya kumi na mbili: gawa kimo chote cha maji sehemu kumi na mbili, saa ya kwanza inapanda sehemu moja, saa ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Ni hesabu ya kukadiria, lakini ichukue. Bamvua ya mita 3.6 inapanda sentimita 30 tu saa ya kwanza, mtu haoni kitu. Saa ya tatu, yaani kuanzia saa 6 hadi saa 7 mchana, inapanda sentimita 90. Hapo ndipo wenye pilau wanafunua masufuria.

Nikafikiria bendera kwanza. Nchi nyingi zina utaratibu wa bendera: nyekundu ni hatari kubwa, njano ni hatari ya wastani, nyekundu juu ya njano ni eneo lenye waokoaji. Ni nzuri, ila bendera inahitaji mtu wa kuipandisha. Sisi tuna vijana wawili wa kujitolea wenye tyubu ya lori na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kamba, la kumrushia anayezama badala ya kumfuata majini. Siku ya Idd na wao wana mama zao. Nikasema kitu cha kupima maji papo hapo na kuwasha taa chenyewe kinaweza kukaa pale wakati wao wanakula.

Niliomba ruhusa kwenye ofisi moja, nikaambiwa niandike barua, nikaandika, nikaambiwa barua haina muhuri wa mtaa, nikarudi na muhuri. Tuyaache hayo. Ruhusa ilipatikana.

Kifaa chenyewe si maajabu. Nguzo imesimama mlangoni, na juu yake kuna sensa (si ile ya kuhesabu watu) inayotuma sauti isiyosikika chini kwenye maji na kupima muda wa mwangwi kurudi. Bodi ndogo inageuza muda kuwa sentimita, redio ndogo inapeleka namba hadi kwenye mlingoti ufukweni, na kule kuna sola, betri na taa. Gharama ilikuwa laki 4 na ushee, bila kuhesabu nilivyoviunguza.

Nguzo ya kwanza ilikuwa bomba la chuma, na chumvi ikalitafuna mapema kuliko nilivyotegemea. Ya sasa ni bomba la plastiki la inchi 4 lililojazwa zege. Bodi nimeipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka tatu, kuzuia chumvi. Muuza duka aliniuliza shemeji anapenda ipi. Wimbi nalo lilinisumbua, kwani kila likipita sensa ilidhani bahari imepanda, ikishuka taa inazima. Nikaandika programu ipime mara 20 kwa dakika, izipange namba kuanzia ndogo hadi kubwa, ichukue ya katikati. Joto pia lina lake: sauti hukimbia kasi zaidi hewa ikiwa ya moto, kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Kwenye umbali wa mita 3, kati ya asubuhi na mchana wa jua kali, unaweza kukosea sentimita kadhaa, kwa hiyo niliongeza kipimajoto.

Taa ya njano iwake lini na nyekundu lini? Mimi nilikuwa nimepanga nyekundu kwenye kiuno. Nahodha akachukua upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akamwita mpwa wangu, akausimamisha kando yake na kukwaruza alama kwa kisu kwenye goti.

"Kiuno cha nani?" akaniuliza. "Wewe? Wewe hakuna aliyekulilia."

Basi njano inawaka maji ya mlangoni yakifika kifundo cha mguu cha mtoto yakiwa yanapanda, na nyekundu yakifika goti lake. Mtu mzima anaona kama utani, maana anavuka bila kukunja suruali. Ndivyo ilivyotakiwa, avuke sasa wakati ni utani.

Kosa langu kubwa lilikuwa taa ya kijani. Niliiweka kwa sababu taa za barabarani zina rangi tatu, basi. Wiki ya pili, maji yamekupwa, kijana mmoja aliyekuwa ameshapata kinywaji aliogelea kutoka upande wa nje wa fungu, kwenye kilindi, mpaka waliomtoa wakawa wanatetemeka wao. Alipopata pumzi akanyoosha kidole kwenye mlingoti: "Si ilikuwa kijani, broo?" Na kweli ilikuwa kijani. Taa yangu ilikuwa inajua jambo moja tu, maji ya mlangoni, lakini rangi ile ilikuwa imempa ruhusa ya bahari nzima. Jioni ileile nikapanda ngazi na bisibisi, nikaing'oa.

Hapo likazaliwa tatizo jingine. Bila kijani, mlingoti usiowaka unaweza kuwa na maana mbili: maji bado madogo, au betri imekufa. Mtu wa ufukweni atachagua maana anayoipenda. Nikaweka taa ndogo nyeupe inayokonyeza mara moja kila baada ya sekunde 10. Nyeupe inasema tu kwamba mtambo uko macho, haimkaribishi mtu majini. Redio isiposikika dakika 3, nyeupe inazima na njano inabaki imewaka bila kupepesa, na mimi napata meseji. Nyekundu ndiyo pekee inayopepesa haraka, kwa sababu wapo watu wasiotofautisha rangi vizuri, na mchana wa saa 7 hata mwenye macho mazima anaona mwendo wa taa kabla ya rangi yake.

Halafu nikagundua kwamba waliopo funguni hutazama bahari. Mlingoti uko nyuma yao, kama maji yenyewe! Ikabidi niongeze honi ya lori: milio mitatu mifupi nyekundu inapowaka. Siku ya kwanza ililia katikati ya adhana ya Adhuhuri, na nikaitwa. Sasa inasubiri adhana iishe ikiwa nyekundu imewaka wakati huo, na dakika hizo chache zimefidiwa kwa kuanza mapema kidogo. Imamu na mimi tulizipanga pamoja kwenye baraza ya msikiti.

Wavuvi nao walinijia, wakiongozwa na nahodha. Usiku, ukitoka baharini, taa nyekundu pwani si pambo. Chombo kinabeba nyekundu kushoto na kijani kulia. Mtu aliyechoka akiona nyekundu inapepesa mahali isipopaswa kuwepo anaweza kuisoma vingine kabisa. Nilikuwa sijaliwaza hata kidogo. Tukaitengenezea taa kofia ya bati inayoelekeza mwanga chini, kwenye fungu, na programu inaizima kabisa jioni giza likiingia.

Watu huniuliza kwa nini nisichape jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam nikalibandika ukutani, nikaepuka vurugu zote. Jedwali ninalo, na tumelibandika. Lakini jedwali linapiga hesabu ya mwezi na jua. Halijui kama leo upepo wa kusi unasukuma maji pwani, wala halijui mchanga umelala wapi. Kwangu mimi jedwali ni la kupanga siku, na taa ni ya kukurudisha.

Idd iliyofuata nilikaa chini ya mlingoti na sahani yangu ya pilau. Njano iliwaka saa 5 na nusu. Wachache waligeuka. Nyekundu ikawaka, honi ikalia, na baba mmoja aliyekuwa amembeba mtoto mabegani akabaki palepale, anacheka na wenzake. Aliyemtoa ni mpwa wangu. Alisimama ukingoni mwa mlango, mikono mdomoni, akapiga kelele: "Baba mdogo! Tazama nyuma!" Yule bwana akageuka. Alivuka maji yakiwa chini kidogo ya paja, na alipofika pakavu hakuwa anacheka tena.

Masika ya mwaka huu mchanga umehama. Nahodha aliingia majini na upondo wake juzi, akaniambia mlango umesogea hatua zaidi ya 30 kusini, na nguzo yangu sasa inapima maji ya mahali ambapo hapapiti mtu. Nimeweka njano iwake siku nzima kwa muda. Kesho maji yanakupwa saa 4. Nimeazima toroli, zege limeshakauka, na vijana wawili wa tyubu wamesema watakuja kama kuna chai na vitumbua.