Siku mbili York pamoja na mama asiyeweza ngazi

Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga mwezi Aprili, aliniomba jambo moja tu: nimwonyeshe mji wa Uingereza wenye umri, si maduka. Ninaishi Leeds, na kutoka hapa hadi York treni haichukui hata nusu saa, kwa hiyo kuchagua mji hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni magoti yake. Mama ana miaka 68, anatembea kwa mkongojo, na ngazi zikizidi kumi hulala na maumivu. Nayo York ni mji wa minara, kuta na vichochoro vya mawe. Tulikwenda siku mbili, jioni tukirudi kulala nyumbani, nami naandika jinsi nilivyozipanga kwa ajili ya yeyote atakayempokea mzazi mwenye hali kama hiyo.

Nilishika kanuni mbili: kila tunapokwenda pawe na mahali pa kukaa, na siku moja isivuke mto kwenda upande mwingine wa mji. Siku ya kwanza kwa hiyo tulibaki upande wa kituo cha treni, tukaanza na National Railway Museum, ambayo iko nyuma tu ya kituo na kuingia ni bure. Pale ndipo inapokaa Mallard, garimoshi la rangi ya buluu lililofikia mwendo wa kilomita 203 kwa saa mwaka 1938, rekodi ambayo hakuna garimoshi la mvuke lililoivunja. Mimi nililizunguka mara mbili. Mama alivutiwa zaidi na behewa la Shinkansen ya Japani, kwa kuwa mtu anaruhusiwa kuingia na kuketi, na alikaa humo muda mrefu akililinganisha na treni yetu ya SGR aliyoipanda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, viti kwa viti na dirisha kwa dirisha.

Chakula cha mchana ndicho kilichoniangusha. Nilinunua samaki na chipsi kwenye duka moja, nikalipa, na ndipo nilipokumbuka kuuliza wanakaangia nini. Wakanijibu kwamba ni mafuta ya ng'ombe. Ni desturi ya miaka mingi katika jimbo hili la Yorkshire, nao wenyeji wanaipenda kwa ladha yake, lakini mama hali mafuta ya mnyama asiyejua alivyochinjwa, na pakiti mbili za moto zikabaki mikononi mwangu. Msomaji Mwislamu aulize kabla ya kutoa pesa, na aulize vivyo hivyo kuhusu ule mkate wa mayai, unga na maziwa uitwao Yorkshire pudding, kwa kuwa nao kwa kawaida huokwa katika mafuta hayo hayo. Duka la pili lilikuwa linatumia mafuta ya mimea. Tulichukua teksi hadi Rowntree Park, kando ya mto Ouse, tukala kwenye benchi huku mabata wakitusogelea. Mama aliubandua unga wote wa juu, akamla samaki peke yake, na kwa kukosa ndimu akakubali siki yao ya kahawia.

Bustani hiyo ilitolewa kwa mji mwaka 1921 na kampuni ya chokoleti ya Rowntree, kuwakumbuka wafanyakazi wake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Ni tambarare, njia zake ni laini, na kwa mwenye mkongojo sikuona mahali palipo bora kuliko hapo mjini kote. Anayekuja majira ya baridi aulizie kwanza hali ya mto, kwa sababu Ouse hufurika na bustani huingia maji.

Siku ya pili tulivuka mto mapema ili tuwahi York Minster, kanisa kuu ambalo ujenzi wake ulianza karibu mwaka 1220 na kukamilika 1472. Mnara wake una ngazi 275, na hiyo tiketi sikuigusa. Tulikaa kwenye viti mbele ya dirisha kubwa la mashariki, lenye ukubwa wa kiwanja cha tenisi, ambalo John Thornton na mafundi wake walilimaliza kati ya 1405 na 1408, nasi tukasoma picha zake polepole, kutoka kuumbwa kwa dunia hadi mwisho wake. Nje, mama alipumzika kwenye bustani ya Dean's Park wakati mimi nikipanda ukuta wa mji kati ya Bootham Bar na Monk Bar, kipande kizuri kuliko vyote na cha bure. Katika mji huu neno bar ni lango na gate ni mtaa, jambo lililonipoteza asubuhi nzima. Mtaa wa Shambles, uliokuwa wa wauza nyama, tuliutazama kutoka mdomoni tu, maana mawe yake hayana huruma kwa magoti.

Alasiri niliiachia Museum Gardens, yenye magofu ya abasia ya St Mary na mnara wa Kirumi, na ndani yake Yorkshire Museum. Nilikwisha kumsimulia mama kwamba kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alifia mji huu mwaka 211. Lakini kilichomsimamisha ni mwanamke mmoja wa karne ya 4, aliyezikwa katika jeneza la jiwe pamoja na bangili za pembe za ndovu na bangili nyeusi za jiwe la jeti, ambaye kwa mujibu wa uchunguzi wa mifupa yake yaelekea alikuwa na asili ya Afrika Kaskazini. Jina lake halijulikani. Mama aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaziangalia bangili za pembe, akagusa ile ya kwake mwenyewe aliyoachiwa na bibi. Kaburini mlikuwa pia na kipande cha mfupa chenye maneno ya Kilatini, nami nikamtafsiria: "Salamu, dada, uishi katika Mungu."

Mwanamke huyo alikufa akiwa hajatimiza hata miaka 25, angeweza kuwa mjukuu wake. Hata hivyo mama aliinamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, bibi." Kisha akaniomba tutafute benchi, tukakaa bustanini mpaka saa ya treni.