Kuku wa Kubaki

Shinyalu, Kakamega. Novemba.

Desemba ikinusa tu, simu zinaanza. Shemeji aliye Nairobi anataka jogoo wa Krismasi. Mchuuzi anapita na bodaboda, matenga yamefungwa nyuma, anasimama langoni: "Mama, majogoo wako?" Na wote, wa simu na wa bodaboda, wanamtaka kuku yule yule: aliyejaa kidari, mwenye upanga mwekundu, anayewika kijiji kizima kikasikia. Yule mwembamba anayejibanza chini ya ghala hakuna anayemuulizia.

Jambo hili limeniuma kwa muda mrefu. Huku kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na hakuna anayemwandalia mkwe kuku dhaifu. Ni desturi nzuri, nami sitaki ife. Lakini hesabu ya miaka mingi inasema hivi: kila mwaka walio bora wanaingia sufuriani na sokoni, na waliobaki kwa sababu hawakutakiwa ndio wanaozaa. Halafu tunalalamika kwamba kienyeji hakui, kienyeji ana mayai madogo, tunakimbilia vifaranga wa kununua. Sisi wenyewe tumekuwa tukimchagulia wazazi kinyumenyume.

Mwaka huu nimechagua wa kubaki kabla ya mtu mwingine kuja kuchagua wa kuondoka. Kazi hiyo nimeifanya wiki hii, na nataka kuiandika ingali mbichi.

Kuku ninampima usiku, akiwa kwenye kichanja. Mchana ukimkimbiza anahema, anapiga mabawa, humwoni vizuri na yeye hakuamini. Usiku unaingia na tochi hafifu, unamtoa polepole, unapitisha kiganja chini ya kifua chake, miguu katikati ya vidole, anatulia. Macho ndiyo ya kwanza: yawe maangavu, ya mviringo, yasiwe na machozi wala mapovu kwenye kona. Kisha mdomo, ukutane sawasawa juu na chini. Mdomo uliopishana haufai kwa mbegu hata kuku awe mzuri namna gani, maana kasoro hiyo inaweza kurithiwa. Kidari nakipitisha kidole kutoka mbele hadi nyuma. Mfupa uwe mnyoofu, na nyama ziujaze pande zote mbili. Miguuni naangalia magamba. Yakiwa yameinuka na kufanya ukoko mweupe, huyo ana wadudu, anatibiwa kwanza ndipo nimfikirie.

Kwa koo, yaani kuku jike anayetaga, siri yote iko nyuma. Nina mmoja wa rangi ya kijivu, madoadoa shingoni, ambaye kwa kumtazama tu ungemwuza. Hana umbo la kumvuta mtu. Nilipoweka vidole kati ya zile ncha mbili za mifupa ya nyonga, vidole vitatu vilienea bila kubanwa, na ncha zenyewe zilikuwa nyembamba, zinapinda kidogo ukizibonyeza. Kutoka hapo hadi mwisho wa mfupa wa kidari viliingia vidole vinne, na tumbo lilikuwa laini. Tundu la kutagia lilikuwa pana, lenye unyevu, limepauka. Huyo yuko kazini. Jirani yake pale kichanjani, tembe mweusi, jike ambaye bado hajataga, ninayempenda sana kwa kung'aa kwake, kidole kimoja kilipita kwa shida, mifupa migumu, tumbo limejaa mafuta. Na umri wa kuanza kutaga ameshaufikia kitambo.

Wale wenye miguu ya manjano wana ushahidi mwingine. Kuku anapotaga, rangi ya manjano inatumika kwenye kiini cha yai, na mwilini inapungua kwa mpangilio: kwanza tundu la kutagia, halafu mduara wa jicho, halafu mdomo, mwisho miguu. Koo mwenye miguu iliyofifia kabisa ametaga kwa miezi. Anayeng'aa manjano kila mahali huku wenzake wamepauka amekula mahindi yako bure. Dalili hii haisemi kitu kwa kuku mwenye ngozi nyeupe au miguu myeusi, na kienyeji wana kila rangi, kwa hiyo vidole kwanza, rangi baadaye.

Lakini mkono hauelezi yote. Ndiyo maana nina daftari. Kila koo ana uzi wa rangi mguuni, na kila uzi una ukurasa wake: ametaga mangapi kabla ya kuatamia, ameangua mangapi, vifaranga wangapi wamefika miezi miwili. Koo wa kienyeji kwa kawaida hutaga mayai kumi hadi kumi na matano, kisha analala juu yake siku 21. Kwenye kurasa hizo ndipo unapoona tofauti ambazo macho hayawezi kuziona. Huyo wa kijivu ameangua karibu yote aliyolalia, na mwewe alipokuwa anazunguka juu ya mashamba ya miwa aliwakusanya wanawe chini ya migomba kabla mimi sijainua kichwa. Mwingine, mkubwa, mwekundu, wa kupendeza, hutaga vizuri lakini huamka juu ya mayai siku za katikati na kuyaacha yapoe. Huyo namwachia mchuuzi kwa moyo mweupe.

Umama wa kuku nauhesabu sawa na uzito, pengine zaidi. Najua wenzangu wengi watanipinga hapa. Kienyeji iliyoboreshwa ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Naivasha, inataga zaidi kuliko hawa wangu, Kuroiler aliyetoka India anakua haraka kuliko hawa wangu, na Sasso wa Ufaransa vivyo hivyo. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Zimelipa karo za watoto wengi huku Magharibi. Ila kuku hao huatamia kwa nadra, na anayewafuga anahitaji mashine ya kuangulia, umeme usiokatika, au pesa za kununua vifaranga tena na tena. Jogoo chotara wa Kuroiler akipanda makoo yangu, nitapata vijana wakubwa mwaka huu, na miaka michache baadaye nitakuwa na tembe wasiojua kulala juu ya yai. Mtu wa boma dogo asiye na mashine atakuwa amepoteza kitu ambacho hakinunuliki dukani.

Huko Marekani, shirika la The Livestock Conservancy limeweka masharti ya kuku wa kuitwa wa urithi. Kati ya hayo: azaliane kwa kupandana mwenyewe bila kusaidiwa, akue polepole asifikie uzito wa soko kabla ya wiki 16, na aishi nje kwa miaka mingi akizaa, koo miaka mitano hadi saba, jogoo mitatu hadi mitano. Niliposoma masharti hayo nilitazama nje dirishani na kuwaona hawa wakichakura chini ya mparachichi. Wanayafanya hayo yote, na hakuna aliyewaandikia.

Sharti lao jingine ni kuku awe na sura iliyosajiliwa ya aina yake, na hapo ndipo njia zetu zinapoachana. Kienyeji hajawahi kuwa kuku wa rangi moja, na kwa maoni yangu asifanywe kuwa. Mseto huo ndio akiba yetu. Shingo uchi, kwa mfano, watu wanamcheka sokoni, lakini ana manyoya machache mwilini na joto la Kisumu au Busia halimsumbui kama wengine. Yule mwenye kishada cha manyoya mbele ya shingo amerithi hali hiyo kwa mzazi mmoja tu. Aliye uchi kabisa ameipata kwa wote wawili. Wenye manyoya yaliyopinda kuelekea mbele nao nawaweka, ila siwaozi wao kwa wao, kwa sababu baadhi ya watoto hutoka na manyoya mepesi yanayokatika hadi kubaki karibu uchi, na usiku wa mvua unawamaliza. Kwa wale wafupi wa miguu kuna aina ambayo ukimpandisha na mwenzake wa aina hiyo, robo ya vifaranga hufia ndani ya yai. Mtu asiyejua atalaumu mayai viza au kumsingizia jirani mwenye jicho baya.

Jogoo nimemchunguza kwa ukali zaidi, na ndivyo ipasavyo. Koo mbaya anaharibu vifaranga wake tu. Jogoo mmoja kwa makoo kumi ni nusu ya kila kifaranga katika boma. Uzito wake naupima akiwa kijana, pamoja na ndugu zake wa kuanguliwa wiki moja, kwa sababu ninachotafuta ni aliyewatangulia kukua kwa chakula kilekile, si mzee aliyenenepa. Kisha namtazama asubuhi nyingi bila kumshika. Anatembea namna gani, miguu imeachana au magoti yanagusana? Akiokota mchwa, anameza au anaita makoo? Nina mmoja, mwekundu mwenye mkia mweusi, ambaye huuokota mchwa, huuangusha, huuokota tena huku akitoa mlio ule wa haraka haraka, na hali mpaka koo mmoja afike. Mwenzake mkubwa kuliko yeye anamrukia mtoto yeyote anayebeba bakuli. Watu husema jogoo mkali ndiye dume kweli. Mimi sikubali. Ukali wa namna hiyo unarithiwa, na nyumba hii ina wajukuu.

Basi mkubwa ameondoka, na ametoa bei nzuri. Mwekundu amebaki.

Mchuuzi alimtaka pia huyo mwekundu. Akapandisha bei, akapandisha tena, akaniambia, "Mama, huyu utamfuga hadi lini? Mauzo ni sasa." Nikamwambia arudi baada ya miezi minane kuchukua watoto wake. Hakuridhika. Pesa hizo zingenifaa, Januari iko mlangoni na sare za shule hazingoji. Hata hivyo naona kumwuza yeye ni kula mbegu ya mahindi mwezi wa pili, mvua ikiwa bado haijanyesha.

Kuna jambo moja halijakamilika. Tembe wanaoanza kutaga sasa ni binti zake, na sitaki awapande. Baba na binti, au ndugu kwa ndugu, matokeo yake huonekana taratibu: mayai mengi yasiyoanguliwa, vifaranga wanyonge, ukuaji wa kuburuta miguu, na watu hudhani ni ugonjwa. Mwekundu atakaa na makoo wa zamani upande wa jikoni. Tembe wamehamia banda la juu na wanahitaji jogoo wa damu nyingine. Hata akipatikana kesho, nitangoja wiki tatu kabla ya kuyatunza mayai ya kuangulia, kwa sababu mbegu ya jogoo wa kwanza hukaa ndani ya kuku hata wiki mbili au tatu baada ya kutenganishwa. Mayai ya mwanzo ya tembe ni madogo kwa kulaliwa vilevile, kwa hiyo hakuna hasara, tutayala.

Kama uko Vihiga, Busia, Siaya au upande wa Bungoma na una jogoo wa kienyeji asiye na damu ya chotara, ambaye mamake unamjua na ameangua mwenyewe, ningependa tubadilishane. Awe amechanjwa ugonjwa wa Newcastle (kideri), na usione vibaya nikimweka peke yake mwezi mzima kabla ya kumchanganya na wangu. Wako nawe umweke vivyo hivyo. Rangi yoyote. Sitoi pesa, natoa tembe wawili, binti za yule wa kijivu, pamoja na nakala ya ukurasa wake wa daftari.