Mshale wa kompyuta unarukaruka? Usinunue kipanya kwanza

Kwanza tujue anayeutikisa ni nani. Chomoa kipanya (cha bila waya, chomoa kipokezi chake), halafu iache laptopu bila kuigusa. Mshale ukitulia, kosa ni la kipanya. Ukiendelea kucheza, shuku padi ya kugusa, au skrini kama nayo ni ya kugusa.

Kipanya kigeuze chali. Ndani ya kile kitundu chenye taa kuna kamera ndogo inayopiga picha za meza mfululizo, na chipu huzilinganisha ili ijue umesogea wapi. Unywele mmoja tu ukinasa humo, mshale hutetemeka. Puliza, kisha pitisha pamba ya masikio yenye spiriti kidogo. Meza ya kioo nayo huichanganya kamera. Weka karatasi nyeupe chini uone kama mshale utatulia.

Cha bila waya kinahitaji betri nzima, na kipokezi kisikae kando ya flashi au diski ya nje. Matundu ya USB 3, ambayo mara nyingi ni ya buluu ndani, hutoa kelele kwenye masafa yale yale ya GHz 2.4 yanayotumiwa na vipanya vingi. Hamia tundu la USB 2, au tumia waya wa kurefushia.

Penye kupoteza watu ni padi. Chomoa chaja: mshale ukitulia kwa betri, tatizo ni umeme. Padi husoma mabadiliko madogo mno ya chaji pale kidole kinapogusa, na chaja bandia au isiyopata ethi (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini) huvujishia umeme kidogo kwenye bodi, yaani gamba la laptopu. Ukipapasa bodi ya chuma utahisi mtekenyo. Mara nyingi chanzo ni ekstensheni ya bei poa ambayo waya wake wa ethi haufiki popote, au ule mtindo wa kufungua soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie. Chomeka chaja ya miguu mitatu ukutani moja kwa moja. Bado? Fundi umeme apime soketi: laivu na ethi zisome karibu sawa na laivu na nyutro, yaani volti 230 hadi 240.

Padi ikiwa imeinuka au haibonyezeki vizuri, acha majaribio yote. Huenda betri imevimba chini yake. Zima, usichaji, usiikandamize irudi, ipeleke kwa fundi ibadilishwe.