Kwa Nini Nilichagua Njia ya Wadruidi

Kwa muda mrefu nilisitasita kati ya njia mbili: elimu ya siri iliyofundishwa na Hermetic Order of the Golden Dawn, jumuiya iliyoanzishwa London mwaka 1888, na Udruidi wa kisasa, njia ya kiroho inayojinasibisha na Wadruidi, makuhani wa Waselti wa Ulaya ya kale. Nilidhani kwamba swali la kujiuliza ni njia ipi kati ya hizo ina mizizi mirefu zaidi, na swali hilo lilinipotezea wakati mwingi.

Julius Caesar aliandika kwamba baadhi ya wanafunzi wa Wadruidi walikaa mafunzoni hadi miaka 20, na kwamba mafundisho yao hayakuruhusiwa kuandikwa. Ndiyo sababu yaliyotufikia ni machache sana, tena mengi yamesimuliwa na Warumi waliokuwa adui zao. Pengo hilo lilizibwa karne nyingi baadaye, na aliyeliziba kwa bidii kuliko wote ni Edward Williams, aliyejiita Iolo Morganwg, ambaye mwaka 1792 aliongoza sherehe juu ya Primrose Hill, London, kisha akaeneza maandishi aliyodai kuwa ya kale ilhali mengi aliyatunga mwenyewe. Nilipolijua hilo nilitaka kuacha kila kitu. Hata Stonehenge, duara la mawe makubwa huko Uingereza ambalo watu hulihusisha na Wadruidi, ilianza kujengwa zaidi ya miaka 2,000 kabla hawajatajwa popote.

Hata hivyo, upande wa pili haukuwa salama zaidi. Golden Dawn ilidai kupata idhini yake kwa barua za Anna Sprengel wa Ujerumani, mwanamke ambaye watafiti wengi wanaamini hakuwahi kuwapo. Kwa kuwa ukale haukuweza kuamua, ilinibidi nitazame kile ambacho kila njia ingenidai siku hadi siku.

Kwa miezi kadhaa nilifanya tambiko la Golden Dawn: nilichora hewani nyota ya pembe tano katika pande nne na kuwaita malaika Rafaeli, Gabrieli, Mikaeli na Urieli. Tambiko hilo hutuliza akili, sikatai, lakini nililifanya ndani ya chumba kilichofungwa, na kila nilipomaliza nilijiona nimezidi kujishughulisha na nafsi yangu tu. Udruidi ulinitoa nje. Katika jumuiya ya Udruidi aliyoianzisha Ross Nichols mwaka 1964, mwanafunzi huanza na daraja la bardi, yaani ushairi na kusikiliza, ndipo aingie daraja la ovati, yaani mwaguzi, na hatimaye la druidi. Na sherehe nane za mwaka, zinazofuata mwendo wa jua na majira, humlazimisha ajue jua liko wapi. (Wengi walio kusini mwa ikweta, ambako majira ni kinyume, huzisogeza kwa miezi sita, jambo ambalo kwangu ni dalili ya akili timamu.) Nilichagua mti mmoja, nikawa nauendea kila asubuhi bila kuuomba chochote.

Sala ya Iolo, inayoomba ulinzi, nguvu na ufahamu, bado naitamka chini ya mti huo. Nimeacha tu kuiita ya kale.