Kila Mshale Ulipofika Namba Nne

Jana usiku binti yangu alivua vipokea sauti akaniuliza, "Baba, mbona Wi-Fi inaganda halafu inarudi yenyewe?" Nikamuuliza kwanza: inaganda ovyo ovyo au kwa mpangilio? Swali hilo nilijifunza kuliuliza Kigoma, kwenye steshenari ya shangazi pale Mwanga.

Kuna kijana alikuwa amekodi meza kwa ajili ya usaili wa kazi kwa video. Akijaribu mitambo kabla ya muda wake, sauti ilikatika, picha ikaganda, kisha mambo yakaendelea. Wote pale waliulaumu mnara wa mtandao. Ruta ilikwisha kuhamishwa kutoka nyuma ya fotokopi hadi juu ya kabati, na chaneli, yaani njia ya mawimbi ya Wi-Fi, kubadilishwa kutoka 6 kwenda 11. Hali ile ile.

Nikafungua dirisha la amri nikaandika ping -t 192.168.1.1. Ni amri inayoita kifaa bila kukoma na kupima jibu linachukua muda gani kurudi; anwani hiyo ilikuwa ya ruta yenyewe. Ucheleweshaji ukionekana hapo, mnara hauhusiki. Mistari ikaanza kushuka: 2ms (milisekunde mbili), 2ms, 3ms, 2ms. Ghafla 1140ms. Uliofuata, 870. Halafu 2, 2, 3, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikainua macho kwenye saa ya ukutani: mshale mwekundu wa sekunde ulikuwa ndiyo kwanza unaipita namba nne. Tukaukodolea macho unavyozunguka, shangazi kaacha hata kuhesabu chenji ya mteja. Ulipoigusa tena nne, mistari ikasita. "Haya, tena!" akasema kijana.

Mawimbi ya jirani au ya maikrowevu hayaji kwa saa. Kinachorudi kila sekunde 60 kimepangwa na programu. Kwenye Windows, huduma ya WLAN AutoConfig ndiyo inayosaka mitandao iliyo karibu. Kadi ya Wi-Fi iliyo ndani ya kompyuta ikianza kusaka, inaiacha chaneli yake na kwenda kusikiliza nyingine moja baada ya nyingine, huku pakiti za mazungumzo, yaani vipande vya sauti na picha, zikisubiri foleni. Kadi nyingi hufanya hivyo kwa vipande vifupi, usitambue. Kadi ya kompyuta ile ilikuwa inaondoka kwa mkupuo mmoja.

Tulihakikisha kwanza kompyuta imeunganishwa, maana msako ukizimwa haiunganiki tena yenyewe. Kisha, kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa haki za msimamizi, tukauzima msako:

netsh wlan set autoconfig enabled=no interface="Wi-Fi"

Jina la mwisho lazima lifanane na linaloonekana kwenye netsh wlan show interfaces. Mshale ukapita nne, ukapita tena. 2, 3, 2. Usaili ukaisha bila neno kumezwa.

Jioni nikarudisha enabled=yes, nikazima huduma ya mahali, kwa kuwa nayo huagiza msako ili kujua kompyuta ilipo. Hata kubofya alama ya Wi-Fi kutazama orodha huanzisha msako, kwa hiyo usiifungue katikati ya mazungumzo.

Dereva mpya, yaani programu inayoiendesha kadi, ilipunguza ucheleweshaji huo wa ghafla hadi 200ms hivi, ila uliendelea kuja kila sekunde 60. Kwa barua pepe na kuchapa, hiyo inatosha. Kwa usaili mimi bado ningevuta waya kutoka kwenye ruta, ingawa shangazi hakutaka kabisa waya ukatize mlangoni wateja wanapopita.