Ruta nyuma ya kabati

Jumanne niliitwa ofisi moja hapa Mwanza: nusu ya watu wana intaneti, nusu hawana. Nikachomeka laptopu ukutani, ikapewa anwani (namba ya kifaa kwenye mtandao) 192.168.1.103. Ofisi ile anwani zote huanza na 10.10. Nikajua tu, kuna mtu kaleta ruta ya nyumbani, kile kisanduku cha intaneti, nayo inagawa anwani zake kama pipi; wanaozipokea ndio hao wasio na intaneti.

Iko wapi sasa? Ghorofa mbili, waya zote zimepita juu ya dari. Hapo ndipo ninapoipendea swichi, kisanduku kinachounganisha waya zote za ofisi. Haimuulizi mtu jina. Fremu, yaani kifurushi cha data, ikiingia, inachungulia anwani ya MAC ya aliyeituma, ile namba ya kiwandani ya kifaa, na kuandika kwenye jedwali lake: huyu kapitia poti fulani, yaani tundu fulani la waya. Ikiwa haimjui anayepelekewa, inaimwaga fremu poti zote isipokuwa ile ilikotoka. Mwenyewe akijibu, naye keshaandikwa.

Kwenye laptopu, amri ya arp -a ikanipa MAC ya ruta. Tarakimu 12, na zile sita za mwanzo, ambazo ni za mtengenezaji, zilikuwa za kampuni ya ruta za bei poa. Nikapigiwa simu na fundi mwenzangu, nikakaa kwenye ngazi kupiga soga mpaka watu wote wakatoka kwenda kula. Niliporudi nikaingia kwenye swichi, nikaandika show mac address-table, amri ya kuonyesha lile jedwali, niitafute MAC ya ruta. Hamna kitu!

Nilikodoa macho kama dakika nzima kabla sijakumbuka: swichi ile humsahau aliyenyamaza sekunde 300. Ruta ilikuwa haina wa kuongea naye. Nikaipigia pingi, yaani nikaiita kwa mtandao ijibu, ikaitika, nikaangalia tena. Poti 17. Tena poti hiyo moja ilikuwa na MAC nne, maana yake huko mbele kuna kiswichi kingine kimefichwa.

Waya wa 17 ukanifikisha uhasibu. Nyuma ya kabati la mafaili, pembeni ya birika la umeme, taa za kijani zinakonyeza.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hiyo usiing'oe, ndiyo ya simu yangu.”

Najua kitabu kinasema ng'oa. Lakini keshanimiminia chai, na maandazi yapo. Nikaizima kugawa anwani tu, waifai nikamwachia. Bosi wake nitamweleza Ijumaa, nikienda kufuata hela yangu.