Sifuri iliyonila siku mbili

Duka letu liko Kadutu, Bukavu, ila mwezi uliopita yaya, mkubwa wangu wa kuzaliwa, alitaka tuuze na mtandaoni. Nikajaza orodha ya bidhaa kwenye Excel, nikaipakia. Bidhaa 41 zikakataliwa: «msimbopau si sahihi», yaani ile namba ya chini ya mistari myeusi ya bidhaa.

Nilidhani nimekosea kuandika. Nikachukua boksi la tishu, nikasoma chini ya mistari: 036000291452. Kwenye faili: 36000291452. Sifuri ya mbele imeliwa! Excel iliona namba ya kawaida, na namba ya kawaida haianzi na sifuri. Misimbo ya tarakimu 13 nayo ilikuwa inaonekana 6,00E+12, upuuzi mtupu.

Nilifuta safu nzima, nikaiweka iwe «maandishi», kisha nikajaza upya. Kubadilisha baada ya kujaza hakurudishi sifuri. Hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima, na umeme ukakatika juu yake.

Nikapakia tena, zikabaki tatu zilizokataliwa. Hizo nilizikagua kwa mkono. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: iache, anzia kulia, zidisha tarakimu ya kwanza kwa 3, inayofuata kwa 1, hivyo hivyo, jumlisha. Ya tishu inatoa 58. Kufika kumi inayofuata, 60, panabaki 2, na ndiyo ya mwisho. Kwa zile tatu hesabu haikulingana na tarakimu ya mwisho: mbili nilikuwa nimesoma 8 badala ya 3.

Ya tatu ni sabuni anayotengeneza mama mwenyewe. Yaya alikuwa ameibunia namba. Nikaifuta, nikachagua «haina msimbopau», ikapita.